Kabuyu Hakumwamkia Mwenyekiti

Kijiji cha Lyambogo,
S.L.P. 7,
Igawa, Mbeya.
4 Julai 1976

Mpendwa Baba Mkubwa Maganga,

Najua salamu ndizo hutangulia, na kwa hilo naomba radhi mapema. Lakini nikianza na salamu nitaogopa, nitajaza karatasi yote kwa habari za mpunga na ng'ombe, na barua itaishia hapo. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Mimi huzungumza vizuri na mtu asiyeniona. Shuleni wananiita Bubu. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, koo linakauka na nabaki nimesimama. Lakini tangu utoto kitanda changu kimekuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Bibi, na kila nilichoshindwa kumwambia mtu usoni nimemwambia Bibi kupitia ukuta huo. Naye hunijibu. Tukikutana uani hatuyataji. Nakuambia haya kwa sababu bila kuyajua hutaelewa nilichokifanya likizo hii. Na hata sasa hunioni, ndiyo maana naweza kukuandikia.

Sasa nakuamkia. Shikamoo, Baba Mkubwa. Hujambo na watu wote wa Maswa? Mama Mkubwa anaendeleaje na mguu wake, bado unamsumbua wakati wa baridi? Na pamba imekubali mwaka huu? Sisi huku hatujambo. Baba alikuwa na kikohozi lakini kimepungua, Mama ni mzima, na mdogo wangu Seni ameota meno mapya ya mbele na sasa anacheka ovyo ili tuyaone. Mpunga umejaa ghalani mpaka tunalala na harufu yake. Yule ndama uliyempa Seni mlipoagana amekuwa mtamba mzuri, mweusi mwenye baka jeupe pajani.

Habari za Bibi nimeziacha mwisho kwa kuwa ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Baba alikuandikia mwezi wa tano akuombe uje umchukue Bibi, umrudishe Maswa kwa watu wake. Alikuambia Bibi amezeeka, amevunjika nyonga, na anakumbuka nyumbani. Nawe ukajibu kwamba utakuja ukishauza pamba. Baba alitusomea jibu lako jioni ile akiwa amesimama, na alipomaliza alilikunja polepole sana. Yote aliyokuandikia ni kweli, isipokuwa hilo la mwisho, na kuna jambo kubwa ambalo hakuliandika. Najua hakuliandika kwa aibu, kwa hiyo usimkasirikie. Nitaliandika mimi.

Unakumbuka kwamba wakati wa Operesheni Vijiji tulipangwa nyumba kwa mstari. Mwaka jana kijiji kilijenga banda la chekechea kwenye uwanja ulio jirani na nyumba yetu, upande wa dirisha la Bibi. Bibi alifurahi kuliko mtu yeyote. Alipovunjika nyonga baada ya Krismasi na kushindwa kutoka kitandani, alisema afadhali ameangukia upande huo, maana anawasikia watoto wakiimba na siku haiwi ndefu. Akawa anawaita dirishani na kuwapa karanga za kukaanga.

Siku moja alimpa karanga Sekela, mtoto wa jirani yetu wa Kinyakyusa. Usiku wake Sekela akashikwa na degedege. Zahanati walisema ni malaria, wakamchoma sindano, akapona. Lakini Mama Sekela alikuwa amekwisha kuyatazama macho ya Bibi. Wewe unayajua macho ya mama yako, Baba Mkubwa. Ni mekundu kwa sababu amepika miaka yote kwa moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, katika nchi isiyo na kuni. Huku kwenye kuni nyingi watu hawalijui hilo. Neno likaenda nyumba kwa nyumba. Watoto wakawa wakipita dirishani wanaziba nyuso kwa viganja, na wakubwa kidogo wakaacha kumwita Bibi Minza, wakaanza kumwita Macho Moto. Kwenye mkutano wa kijiji akina mama walisema ama bibi yule aondoke, ama wao wawaondoe watoto. Mwenyekiti Yotamu aliamua kwamba familia yetu ipewe nafasi mpaka mavuno yaishe. Ndipo Baba akakuandikia.

Niliporudi likizo mwezi wa sita nilikuta dirisha la Bibi limezibwa kwa gunia. Nilidhani Mama amelitundika kwa ajili ya baridi. Mama akaniambia Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Nikaenda upande wangu wa ukuta nikamsemesha kama zamani. Hakujibu. Nilikaa pale nikisubiri mpaka Mama akaniita kula. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ukuta ulikuwa ukuta tu.

Baba Mkubwa, nililia, lakini sikulia muda mrefu. Niliamua kwamba Bibi haondoki na gunia halibaki. Sikujua bado nitafanyaje, ila hayo mawili nilikuwa nimeyakatia shauri.

Shuleni kwetu Iringa maktaba ina majarida ya picha kutoka Urusi. Wenzangu huyachana wakafunikia madaftari, mimi huyasoma. Katika mojawapo kuna picha ya kigari kilichopelekwa mwezini bila mtu ndani. Watu waliokiendesha walikuwa wamekaa vitini hapa duniani, na kigari kikawa kinatembea kule juu kama walivyotaka, kinatazama kwa niaba yao. Niliwaza hivi: kama mtu anaweza kugusa mchanga wa mwezini akiwa kwenye kiti, Bibi atashindwaje kufika kwa watoto walio ng'ambo ya dirisha lake?

Nikatengeneza mdoli. Kichwa ni kibuyu kile cha maziwa kilichopata ufa, nikamchora macho na kumtoboa mdomo. Mwili ni mti uliovishwa gauni la kanga kuukuu, na mkono wa kulia una kiwiko kinachokunjika. Kwenye gereji ya Igawa nilipata nyaya za breki za pikipiki zilizotupwa, pamoja na maganda yake, nikaziunga. Waya mmoja unainamisha kichwa, mwingine unainua mkono. Sauti ilihitaji mpira wa maji, nikaenda dukani kwa Mzee Makame, yule Mpwani wa pale barabarani. Nilisimama mlangoni mpaka wateja wote wakaisha. Akaniuliza, Usangu nzima imejaa maji, sasa binti unataka kuyapeleka wapi tena? Nikamwambia mpira si wa maji. Wa nini? Nikasema wa maneno. Alicheka mpaka akashika kaunta, akasema maneno ya Wasukuma ni mengi, mpira wake utapasuka. Kisha akanikatia kipande kilichopauka kwa jua na faneli juu yake, akanikataza kumshukuru.

Kazi ngumu haikuwa mdoli. Ilikuwa Bibi.

Nilipomweleza alinisikiliza akitazama dari. Kisha akasema maneno ya kwanza marefu tangu nirudi, na nayaandika kama alivyoyasema: “Wananiogopa, nawe unataka nijifiche. Mtu anayejificha ni yule mwenye jambo. Mimi sina jambo.”

Nilitoka nikaenda upande wangu wa ukuta, nikakaa kitandani, na huko ndiko jibu lilikonijia. Nikamwambia kupitia ukuta: “Bibi, mimi nawe tumezungumza hivi miaka yote. Tulikuwa tunajificha?” Nikaendelea. Nikamwambia watoto wameanza kwa macho yake kabla hawajamjua, na mimi nataka waanze kwa sauti. Wakishamjua, wataonyeshwa macho. Nikamwahidi kwamba kabla sijarudi shuleni kila mtoto atajua ni nani, na kwamba nikishindwa nitamtoa mdoli kwa mikono yangu na kumchoma jikoni. Hapo ukuta ukasema, “Mkono wake usiwe mfupi. Mkono mfupi haumfikii mtoto.”

Ilibidi Mwalimu Ikupa wa chekechea ajue, maana banda ni lake. Ni msichana wa Rungwe, hajanipita umri sana. Alikubali kwa sharti moja: hatawaambia watoto uongo. Hatasema mdoli anajisemea mwenyewe. Atawaambia kuna mtu aliye mahali pengine ambaye hawezi kutembea, na mdoli huyu ndiyo miguu yake. Nilimheshimu kwa hilo, na nikaona ni bora kuliko nilivyokuwa nimewaza mimi.

Mama alinigombeza kwamba namfunga bibi yangu nyaya kama redio. Lakini nilipokuwa nahangaika kutoboa ukuta Baba alikuja na patasi, akanisogeza kwa bega, akatoboa yeye, akaondoka.

Kwa hiyo mpira na nyaya vilitoka chumbani kwa Bibi, vikapita ndani ya mianzi chini ya paa, vikaingia bandani mpaka mgongoni kwa mdoli, aliyekaa kwenye kigoda. Bibi alikuwa na faneli ya kusemea na kusikilizia, na vitanzi viwili vya waya vidoleni.

Siku ya kwanza watoto walijazana pembeni kabisa. Mwalimu Ikupa akawaeleza. Kisha mkono wa mdoli ukainuka, ukakwama juu, ukabaki hapo kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Mimi nilikuwa kwa Bibi, navuta na waya hautaki. Kumbe nilikuwa nimeulainisha kwa samli, na samli imeganda kwa baridi ya asubuhi. Kesho yake ikawa mbaya zaidi: sisimizi waliifuata samli ile, wakatoka kwa mstari kwenye mkono wa gauni. Mtoto mmoja, Mika, akatangaza kwamba mgeni anaumwa, ana wadudu. Wakamwonea huruma, wakasogea kumpukuta. Hivyo ndivyo walivyomgusa mara ya kwanza. Baadaye nilisafisha kila kitu nikatia oili ya gari, lakini Bibi alisema samli ile ilifanya kazi yake.

Wakamwita Kabuyu. Wakamuuliza anakaa wapi, akasema karibu, ila miguu yake imegoma. Wakamuuliza kama anakula, akasema anakula ugali na mlenda na hapendi dagaa. Mika akamuuliza kama anajisaidia, na mpira ukatoa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia nyumbani kwetu tangu Krismasi.

Lakini Bibi ni Msukuma, Baba Mkubwa, hawezi kuanza maongezi na mtu asiyemjua ni wa nani. Kila mtoto aliyesogea alimuuliza, “Wewe wa nani? Na baba yako wa nani? Na mama yako ametoka wapi?” Watoto wa Kisangu, wa Kibena, wa Kinyakyusa, hawajazoea kuulizwa hivyo. Wengi hawakujua. Wakawa wakienda nyumbani wanauliza majina ya babu zao, kesho wanakuja mbio kumletea Kabuyu jibu kama waliotumwa dukani. Naye hakusahau hata mmoja. Siku mtoto alipokosa kuja, Kabuyu ndiye aliyetangulia kumuulizia kwa jina la babu yake.

Sekela alikaa mbali kwa siku nyingi. Mama yake alikuwa amemwonya asilisogelee dirisha letu, na Kabuyu hakuwa dirisha, lakini mtoto alikuwa mwangalifu. Asubuhi moja wenzake walikuwa wanacheza nje, akabaki bandani peke yake na Mwalimu. Mimi nilikuwa nimekaa chini, karibu na kitanda cha Bibi. Nikaona vidole vya Bibi vinatikisika. Waya ule tunaovuta sisi huvutika pia kutoka upande wa pili. Bibi akanitazama.

“Kuna mtu amenishika,” akasema.

Hakusema neno kwenye faneli. Alibaki ameunyosha mkono hewani, na waya ukawa unavutwa taratibu, unaachiwa, unavutwa. Mwalimu Ikupa aliniambia baadaye kwamba Sekela alikuwa ameushika mkono wa Kabuyu, anautembeza kama anavyotembezwa mtoto mdogo.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Wiki iliyopita Mwenyekiti Yotamu alikuja kukagua. Alikuwa amesikia kuna kibuyu kinachozungumza na hakupenda. Siku hiyo zamu ya kupika uji ilikuwa ya Mama Sekela, kwa hiyo naye alikuwepo na mwiko mkononi. Watoto wakasimama wote kwa pamoja: Shikamoo Mwenyekiti. Akaitikia. Akamgeukia Kabuyu, akasubiri.

Kabuyu hakumwamkia.

Mika akaona aibu kwa niaba ya rafiki yake. Nilimsikia kwenye mpira akimwambia, “We Kabuyu, mwamkie Mwenyekiti. Huna adabu?” Watoto wakaanza kunong'onezana. Mdoli ni mdogo kuliko hata Mika, ana gauni la kitoto, na amekataa kumwamkia mtu mkubwa mbele za watu.

Nilimwambia Bibi kwa sauti ya chini aseme tu, ni neno moja, limalizike, maana kila kitu kilikuwa karibu kuharibika. Bibi akaifunika faneli kwa kiganja. “Huyo nimemzidi hata mama yake,” akasema. “Mimi nimwamkie mtoto? Nimpe yeye shikamoo abebe wapi?” Nikamsihi. Nikamwambia si yeye anayesema, ni mdoli. Akanitazama kwa macho yale mekundu na nikaelewa kwamba nimekosea. Siku zote ilikuwa ni yeye.

Bandani Mwenyekiti alimsogelea Kabuyu. Seni alikuwa pale na ndiye aliyenisimulia alivyofanya. Alimtazama usoni, akazunguka nyuma, akauona mpira, akaufuata kwa macho mpaka ulipoingia ukutani kwetu. Kisha akavua kofia.

“Shikamoo, Mama,” akasema.

Bibi akaondoa kiganja. “Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wewe wa nani?”

Na Mwenyekiti, mbele ya watoto wote, akamtajia jina la babu yake.

Mama Sekela si mjinga. Aliweka mwiko chini akasema kwa sauti kwamba ni yule bibi, kwamba tumewadanganya, tumeingiza ndani kwa waya kitu walichokikataa dirishani. Akamshika Sekela mkono. Na Sekela akauliza, “Kwani Kabuyu ni Bibi Minza?” Hakuna mtu bandani aliyemjibu.

Nilikuwa chumbani, nyuma ya ukuta, mahali ninapoweza kusema. Faneli ilikuwa pale, ningeweza kuichukua na kujieleza vizuri sana. Bibi akaivuta akaikumbatia kifuani. “Nenda kwa miguu yako,” akasema. “Wewe unayo.”

Nikatoka. Njia yote nilikuwa najiambia nirudi. Niliposimama mlangoni pa banda na macho yote yakanigeukia, koo likakauka kama shuleni. Nikasema hivyohivyo, kwa sauti mbaya. Nikasema ndiyo, ni Bibi Minza. Nikasema macho yake ni ya moshi, kwamba kwetu hakuna kuni, mwanamke anapika kwa kinyesi cha ng'ombe tangu akiwa binti, na waulize mama yeyote wa Kisukuma wa kijiji hiki. Nikamwambia Mama Sekela kwamba mwanawe alikuwa na malaria, aende zahanati akaulize. Nikasema mdoli nimemtengeneza mimi, anayetaka kukasirika anikasirikie mimi. Kisha nikamjibu Sekela, kwa sababu ndiye aliyeuliza vizuri: “Ndiye. Na uliposhika mkono wa Kabuyu, yeye aliusikia wako.”

Mama Sekela aliondoka na mwanawe. Uji ukaungua. Siku mbili tatu watoto walipungua, na nilianza kutazama jiko nikiikumbuka ahadi yangu. Lakini Mika alikuja dirishani peke yake, akalisukuma gunia kwa kidole, akatazama ndani muda mrefu. Akamuuliza Bibi kama macho yanauma. Bibi akasema jioni huwasha. Mika akasema hata ya bibi yake yanawasha, akaenda kucheza. Kesho yake wakaja wengine kuangalia.

Jana Sekela alirudi. Mama yake alimleta mwenyewe mpaka bandani, akamwambia Mwalimu Ikupa kwamba mtoto azungumze na amtakaye lakini asile chochote kutoka nyumba ile. Sitaki kukuandikia kwamba amebadilika, maana hajabadilika sana. Ila amemleta. Bibi alisema sharti hilo ni la haki, karanga zenyewe zimekuwa ghali.

Kamati ya kijiji imekaa. Mwenyekiti alimwambia Baba kwamba kijiji hakina tena neno juu ya Bibi, shauri ni la familia. Na hapo ndipo tulipokwama, Baba Mkubwa. Baba anasema wewe ndiwe mkubwa wake, umekwisha kutoa neno kwamba unakuja, naye hawezi kulitengua. Kwa hiyo mchana gunia linasogezwa pembeni, na jioni analirudisha, anasema tusizoee.

Nakuomba ulitengue wewe. Nakuomba kwa heshima zote, nimepiga magoti ingawa hunioni. Nawe unajua kwa nini naogopa Maswa. Namkumbuka yule jirani yenu ambaye jina lake halitajwi tena. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia. Walimkata akiwa jikoni kwake, na kosa lake lilikuwa macho mekundu, ingawa huko kwenu moshi ule wote wanaujua. Huku Bibi ameitwa jina baya na kufungiwa dirisha, lakini tumelifungua. Huko kwenu hutaweza kumlinda peke yako kila jioni, hata ukitaka. Najua unataka.

Kama unaona mimi ni mtoto na nimevuka mipaka, niadhibu nitakapokuja. Lakini nitakapokuja, nitasema haya tena mbele yako.

Nilimuuliza Bibi nikuandikie nini kutoka kwake. Alisema nikuandikie hivi, nisipunguze: “Mwambie Maganga nimemzaa mwenyewe, simwogopi. Mwambie akija aje kunitazama, alete na mbegu za mlenda wa nyumbani. Lakini sina nafasi ya kusafiri. Nina watoto.”

Shule inafunguliwa na kesho naondoka. Mwalimu Ikupa nimemfundisha kutia oili na kukaza waya. Mkono wa Kabuyu umeanza kulegea begani kwa jinsi unavyoshikwa, nitauimarisha nikirudi.

Nisalimie Mama Mkubwa, umwambie asiinue mizigo. Msalimie kaka Selestini na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijamwona. Bibi anauliza ana jina la nani. Wasalimie majirani wema. Mungu akujalie pamba yenye bei nzuri na usingizi usio na mawazo, na akuongoze unapolifikiri hili.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na kukuheshimu hata tukitofautiana,
Ng'washi Ndalahwa

Baada ya kuandika jina langu niliona si vizuri barua hii iende kwako kwa siri. Nimekwenda uani kwa Baba, nimesimama mbele yake na kumsomea yote, na pale pa yule jirani sikuruka. Ameomba kalamu, ameandika jina lake chini kabisa ya karatasi, utaliona. Kisha nimeingia kwa Bibi, nimeling'oa gunia dirishani pamoja na misumari, nimelikunja na kulitia chini kabisa ya sanduku langu la shule. Kesho alfajiri natembea mpaka Igawa. Barua naiposti kwanza, halafu nakwenda kusubiri basi la Iringa.

Ndalahwa